Tunda la Kuchelewa la Mwembe Mchanga

Mwembe mchanga ukishika matunda mwishoni mwa msimu, na watoto wakiyatamani, tuyaache au tuyaondoe?

Swali la mti mchanga ni la kale. Torati iliwakataza Waisraeli kula matunda ya mti kwa miaka 3. Ya mwaka wa 4 yalikuwa ya Mungu. Mwaka wa 5 waliruhusiwa kuyala.

Mwembe uliopandwa kwa kokwa hukawia wenyewe miaka mingi. Lakini Wareno, walioiteka Goa ya Bara Hindi mwaka 1510 chini ya Afonso de Albuquerque, walieneza huko kazi ya kuunga kijiti cha mwembe mkubwa juu ya shina changa. Embe la Alphonso lina jina lake hata leo. Mti ulioungwa hivyo huchanua ungali mdogo. Tangu hapo kungoja kukawa kazi ya mtu, si ya mti.

Basi tunda la kuchelewa hula nguvu za mizizi na matawi mapya. Miaka 2 au 3 ya kwanza, afadhali kuliondoa likiwa dogo. Utakosa kikapu kimoja, lakini wajukuu watapata mti.