Picha Isiyo na Ukingo

Mwaka 1787 mchoraji mzaliwa wa Ireland, Robert Barker, aliyekuwa akiishi Edinburgh, alipewa hataza ya uvumbuzi. Hakuwa amevumbua rangi mpya wala brashi mpya. Alichosajili ni namna ya kumfanya mtazamaji asahau kwamba anatazama picha. Mchoro ungezunguka ukuta wote wa jengo la duara. Watu wangeingilia chini na kupanda hadi kwenye jukwaa lililo katikati. Mwanga ungetoka juu, na jukwaa lingezuia jicho lisifike kwenye ukingo wa turubai, juu wala chini. Jicho lisipoona ukingo, halina cha kulinganisha na ulimwengu wa kweli, nalo hukubali kudanganyika.

Miaka michache baadaye uvumbuzi huo ulipata jina, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "yote" na "mwonekano": panorama. Mwaka 1793 Barker alifungua jengo lake la duara karibu na Leicester Square, London, na watu wakalipa kiingilio ili wasimame mahali ambapo hawakuwepo.

Naanzia huko kwa sababu wengi wetu tunaiona picha ya kuzungusha kwa kidole kwenye simu kama kitu cha juzi. Kwangu historia yake ni ndefu, na ina swali moja linalorudi kila zama: mtazamaji anapopewa uhuru wa kugeuka atakako, ni nani aliyemchagulia pa kusimama? Siku hizi naliongezea la pili: picha hiyo itadumu muda gani?

Mfano ninaoupenda uko Den Haag, Uholanzi. Mwaka 1881 Hendrik Willem Mesdag, pamoja na mkewe Sientje na wachoraji wenzao, walimaliza kuchora pwani ya Scheveningen kwenye turubai yenye urefu wa kwenda juu wa takriban mita 14 na mzunguko wa takriban mita 120. Kabla ya hapo Mesdag alikwenda juu ya kilima cha mchanga, akasimamisha mcheduara wa kioo, yaani umbo la pipa lisilo na kitako wala kifuniko, akaingia ndani yake na kuchora juu ya kioo kile alichokiona nje. Mistari ile ndiyo iliyokuzwa kwenye turubai.

Kumbuka pipa hilo la kioo, maana miaka zaidi ya mia baadaye lilirudi ndani ya kompyuta. Mapema miaka ya 1990 kompyuta za kawaida zilikuwa dhaifu. Kuzifanya zichore jengo la pande tatu, ukuta kwa ukuta, huku mtumiaji akitembea ndani yake, kulihitaji mashine za bei ambayo watu wa kawaida hawakuweza kuilipa. Kampuni ya Apple ilichukua njia nyingine. Mhandisi wake, Shenchang Eric Chen, aliieleza mwaka 1995 katika mkutano wa SIGGRAPH: usichore jengo, lipige picha. Piga picha kuzunguka pande zote, ziunganishe, zikunje ziwe mcheduara, kisha mweke mtazamaji katikati. Kompyuta itabaki na kazi ndogo ya kunyoosha kipande kile tu anachokitazama kwa wakati huo. Teknolojia hiyo iliitwa QuickTime VR.

Kutengeneza picha hizo kulikuwa na nidhamu yake. Kamera ilisimamishwa wima juu ya stendi ya miguu mitatu, ikazungushwa hatua kwa hatua, kila picha ikipanda kidogo juu ya jirani yake. Ilibidi mzunguko upite kwenye sehemu maalumu ya lenzi. Ukitaka kujua sababu, funga jicho moja, simamisha kidole mbele ya uso, kisha geuza kichwa. Utaona kidole kinahama kutoka mahali pake mbele ya ukuta. Kamera isipozungushwa pale panapostahili, nguzo iliyo karibu nayo huhama hivyo hivyo kati ya picha moja na nyingine, na picha hazishonwi bila kuacha kovu.

Zana za mwanzo za kushonea zilidai ujuzi wa kuandika amri kama mtunga programu. Mwaka 1997 Apple ikatoa QuickTime VR Authoring Studio, na kazi ikawa ya kuburuta kwa kipanya: picha zinapangwa, zinashonwa, kisha mtunzi anachora sehemu za kubofya juu ya milango. Ukibofya mlango, unajikuta katikati ya mcheduara mwingine, chumba cha pili. Ziara nzima ya jumba ikawa mkufu wa sehemu za kusimamia zilizounganishwa na milango. Hapo swali langu la kwanza likapata jibu lililo wazi kabisa. Mtazamaji anageuka atakavyo, lakini haendi popote ambako mtunzi hakuweka stendi. Chumba kisichopigwa picha hakimo katika jumba.

Nina CD ya miaka ile yenye ziara za aina hiyo. Nilipojaribu kuzifungua kwenye kompyuta yangu ya sasa, faili zilicheza kama filamu ya sekunde chache: vipande vyembamba vya ukuta, vya anga, vya sakafu, vyote vimelala ubavu, vinapita kimoja baada ya kingine. Haikuwa hitilafu. Ndivyo QuickTime VR ilivyohifadhi picha zake. Panorama ililazwa ubavu, ikakatwa vipande, kwa kawaida 24, kila kipande kikawekwa kama fremu ya filamu. Programu iliyojua kuvisimamisha na kuvikunja tena imetoweka. QuickTime X ya mwaka 2009 haikuibeba kazi hiyo, na mwaka 2016 Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows. Waliohamia Flash nao hawakupona, kwa kuwa ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020.

Turudi Den Haag. Kampuni iliyomwagiza Mesdag ile panorama ilifilisika mwaka 1886. Mesdag aliinunua kazi yake mwenyewe, na hadi leo unaweza kupanda ngazi, ukasimama katikati, ukaiona bahari ya 1881. Turubai, rangi na mwanga wa jua havikuhitaji ruhusa ya kampuni ili vionekane. Picha za CD yangu hazijafikisha hata miaka thelathini na mitano, nazo zimekuwa kama barua iliyoandikwa kwa hati ambayo wasomaji wake wamehama.

Lakini historia hii ina upande wa pili, nao unanipa moyo. Mwaka 1998 mwanafizikia Mjerumani, Helmut Dersch, alianza kutoa bure programu alizoziita Panorama Tools. Kampuni ya Kimarekani iPIX, iliyodai haki za hataza juu ya baadhi ya mbinu hizo, ilimtishia kwa sheria, na mwaka 2001 akaacha kuzisambaza. Watumiaji waliendeleza kazi yake kama programu huria. Kutokana nayo ikakua Hugin, ambayo ndiyo ninayotumia. iPIX ilifilisika mwaka 2006, na hesabu za Dersch bado zinashona picha. Wakati huohuo Matthew Brown na David Lowe, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, walionyesha mwaka 2003 kwamba kompyuta inaweza kutambua yenyewe picha zipi ni majirani. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika.

Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Jengo likianguka, picha zilizopigwa kabla yake hubadilika kazi. Zilikuwa za kuvutia wageni, sasa ni ushahidi: baraza lilikuwa na upana gani, nguzo zilisimama wapi. Kazi kama hiyo haihitaji kungoja maafa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochukua jina lake kutoka Kiswahili, umepima na kupiga picha za mzunguko katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, miongoni mwa sehemu nyingi za Afrika.

Leo simu ya kijana yeyote wa Lamu, Bagamoyo au Mji Mkongwe inaweza kushona mtaa mzima. Kwa hiyo maswali yangu mawili yamekuwa ya kwetu. La kwanza ni la pa kusimama: barazani kwa mgeni, au uani ambako maisha yanaendeshwa, kwa idhini ya wenyewe? La pili ni la kuhifadhi, nalo lina jibu la vitendo ambalo CD yangu imenifunza. Ziara iliyokwisha kutungwa ndiyo inayokufa mapema zaidi, kwa sababu inategemea programu. Picha moja moja zilizoizaa huishi zaidi, kwa kuwa faili la kawaida la picha hufunguka karibu kila mahali. Mimi huzitunza zote katika sehemu mbili, pamoja na karatasi inayosema stendi ilisimama wapi, siku gani, na lenzi ipi. Kwa hizo, mtu atakayekuja na programu ambayo bado haijatungwa ataweza kuzishona upya na kusimama pale nilipokuwa nimesimama. Akiona pembe niliyoiacha, atajua pia ni mimi niliyeiacha.