Sugi wa Japani: Mbao Zilizokosa Mkataji

Mwaka 1963, majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, Saito Yozo, daktari wa masikio, pua na koo, alikuwa akitibu watu Nikko, mji wa milimani kaskazini mwa Tokyo. Wagonjwa walimjia na shida ileile: chafya mfululizo, kamasi jepesi lisilokatika, macho mekundu yanayowasha. Homa hawakuwa nayo, na mafua yenyewe yalirudi kila mwaka msimu uleule. Saito na Horiguchi Shinsaku walilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1964 wakachapisha ripoti iliyomtaja mkosaji. Ilikuwa chavua ya mti wa sugi.

Nikko na sugi ni majina yasiyotengana. Njia zinazoelekea hekalu la Toshogu, alikotukuzwa mtawala Tokugawa Ieyasu, zimepandwa miti hiyo pande zote mbili kwa zaidi ya kilomita 35. Aliyeipanda ni Matsudaira Masatsuna, bwana mmoja wa enzi hiyo. Alianza miaka ya 1620, akaendelea kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1648 akaitoa iwe sadaka kwa hekalu. Miti kama 12,000 bado imesimama. Basi kama wenyeji walipita chini ya sugi kwa karne tatu, iweje ugonjwa uje kutambuliwa katika zama za redio na televisheni? Madaktari wamelijibu swali hili kwa sehemu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye daftari za maofisa wa misitu.

Wageni wa Ulaya waliuita mti huu mwerezi, ingawa hauna undugu wa karibu na mierezi ya Lebanoni. Kwa ukoo uko karibu zaidi na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Hukua wima, mbao yake ni nyepesi, hupasuka vizuri na hunukia. Huko Yoshino, kusini mwa Nara, watu wamekuwa wakiupanda tangu karne ya 16. Walibananisha miche makusudi ili ikue polepole na pete za shina ziwe nyembamba, kwa sababu mbao ya namna hiyo ndiyo iliyofaa mapipa ya sake yasiyovuja. Mti ulipandwa, ukapunguziwa wenzake, ukakatwa, na mche mwingine ukashika nafasi yake. Kwa mkulima wa Yoshino, shamba la miti lisilokatwa lilikuwa mali iliyolala.

Vita vya Pili vya Dunia viliuvunja utaratibu huo. Misitu ilifyekwa kwa mahitaji ya jeshi, na baada ya mwaka 1945 miji iliyoteketea ilidai mbao za kujengea upya. Milima ikabaki vipara, mafuriko yakafuata. Serikali ilihimiza upandaji kwa ruzuku, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikwenda mbali zaidi: misitu ya asili ya miti ya majani mapana, iliyokuwa chanzo cha kuni na mkaa, ilikatwa ili kupisha sugi na ndugu yake hinoki. Mafuta ya taa na gesi vilikuwa vimeingia jikoni, na mkaa haukuwa na soko tena. Leo Japani ina takriban hekta milioni 10 za misitu iliyopandwa, kama asilimia 40 ya misitu yake yote, na sugi peke yake imechukua hekta milioni 4.4 hivi.

Mwaka huohuo wa 1964, ripoti ya Nikko ilipotoka, Japani ilikamilisha kufungua milango kwa mbao za nje. Kuanzia miaka ya 1970 yeni ikapanda thamani, na magogo ya kigeni yakazidi kuwa rahisi. Sugi ilikuwa na udhaifu wake pia: kiini cha shina hubeba maji mengi na hukauka kwa shida, wakati wajenzi wa kisasa walitaka mbao kavu isiyopinda. Bei yake ilifika kilele mwaka 1980, kisha ikaporomoka. Kufikia mwaka 2000, chini ya asilimia 20 ya mbao zilizotumika nchini ndizo zilizotoka nchini. Wenye mashamba wakaona gharama ya kukata inazidi thamani ya gogo. Wakaiacha miti.

Miti iliyoachwa haikukaa kimya. Sugi huanza kutoa chavua kwa wingi ifikapo umri wa miaka 25 hadi 30, kwa hiyo iliyopandwa miaka ya 1950 ilikomaa kuelekea miaka ya 1980. Maua dume hujiunda wakati wa kiangazi. Julai ikiwa na joto kali na jua, Februari hadi Aprili inayofuata watu hukiona cha moto. Punje moja ya chavua ina upana wa kama sehemu 30 za elfu ya milimita, na upepo huibeba makumi ya kilomita hadi mijini.

Sayansi ya mzio nayo ilikuwa ikikomaa. Mwaka 1966 Ishizaka Kimishige na mkewe Teruko, wakifanya utafiti Denver, Marekani, walitangaza kugundua kingamwili inayochochea mzio, ambayo baadaye iliitwa IgE. Walichokichunguza ni mzio wa chavua ya gugu la Kimarekani, lakini ufunguo ulikuwa uleule. Mwaka 1983 watafiti walitenga protini kuu ya chavua ya sugi inayoleta mzio, Cry j 1. Ya pili, Cry j 2, ilifuata mwaka 1990. Zote mbili ni vimeng'enya vinavyovunja pektini, gundi ya seli za mimea. Miaka ya 1980 pia uliibuka mjadala kama moshi wa dizeli unauchochea mzio huo, na uchunguzi mmoja wa eneo la Nikko uliona wagonjwa wengi zaidi kando ya barabara yenye magari na sugi kuliko ndani ya msitu wa sugi wenyewe. Moshi una sehemu yake. Hata hivyo sioni jinsi unavyoweza kuiondolea lawama bahari ile ya miti.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa miongoni mwa madaktari wa masikio, pua na koo pamoja na familia zao ulikuta asilimia 16.2 wana mzio wa sugi mwaka 1998. Mwaka 2008 walikuwa asilimia 26.5, na mwaka 2019 asilimia 38.8. Tiba ya kuuzoesha mwili chavua kupitia chini ya ulimi ilipatikana kwa matone mwaka 2014 na kwa vidonge mwaka 2018, ila inataka subira ya miaka kadhaa.

Wanamisitu nao wana jibu lao. Mwaka 1992, mkoani Toyama, uligunduliwa mti wa sugi usiotoa chavua kabisa, na kutokana na miti ya aina hiyo miche mipya imezalishwa. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kupunguza mashamba ya sugi yanayotoa chavua kwa asilimia 20 katika miaka 10, na kuhakikisha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya miche ya sugi inayozalishwa ni ya chavua kidogo. Lengo la miaka 30 ni kuipunguza chavua yenyewe kwa nusu. Ni mpango mzuri unaohitaji mashoka, misumeno na mikono. Wafanyakazi wa misitu walikuwa takriban 146,000 mwaka 1980. Mwaka 2020 walibaki kama 44,000, na wengi wao wameshaota mvi.