Muhogo na virusi: jinsi wanasayansi wanavyonasa protini zinaposhikana

Shamba la mihogo huko Busia au Malaba linaweza kuwa na majani ya kuvutia, lakini mkulima anapong'oa hukuta mizizi ina mabaka makavu ya kahawia yasiyoliwa. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na mtaalamu H. H. Storey huko Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Huenezwa na nzi weupe, na pia na vipando vyenye ugonjwa ambavyo majirani hupeana bila kujua.

Virusi havina mitambo yao wenyewe ya kuunda protini. Huiteka ile ya mmea. Ili viteke, ni lazima protini yao ishikane na protini ya muhogo. Ni ipi hiyo? Kuisaga jani na kupima rojo hakutoshi, kwani protini ambazo hazikutani katika seli hai huchanganyika.

Mbinu moja hutumia protini ing'aayo, ambayo asili yake ni konyeza wa baharini. Hukatwa vipande viwili visivyong'aa, kila kimoja kikaunganishwa na protini inayoshukiwa. Jeni zake hupachikwa katika bakteria wa udongo na kusukumwa kwa bomba lisilo na sindano chini ya jani la mmea wa jamii ya tumbaku. Baada ya siku mbili au tatu, protini hizo zikishikana, vipande huungana na seli hung'aa chini ya hadubini. Kasoro yake ni kwamba vikishaungana haviachani, hivyo hata mgusano wa bahati huweza kuonekana kama undugu.

Ndiyo maana hutafutwa ushahidi wa pili. Kimeng'enya kiitwacho TurboID, kilichotangazwa mwaka 2018, hubandika alama ya biotini kwa kila protini iliyo jirani. Kinafaa mimea kwa kuwa hakihitaji joto kali.

Kwa muhogo, watafiti wa Marekani walitumia hamira na kingamwili kuonyesha kwamba protini VPg ya virusi hushikana na protini za muhogo ziitwazo nCBP. Mwaka 2019 walieleza kuwa walihariri jeni mbili za nCBP, na dalili zikapungua hata mizizini. Kinga kamili haikupatikana. Mmea wa namna hiyo bado ungehitaji kujaribiwa mahali kama Alupe, katika Kaunti ya Busia, ambako nzi weupe hueneza pia ugonjwa wa batobato.