Usasaleo: Istilahi na Sura Yake katika Utamaduni Pendwa

Usasaleo ni istilahi inayotumiwa na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, akiwamo K. W. Wamitila, kutaja mkondo wa fikra na sanaa uliopata nguvu katika nusu ya pili ya karne ya 20, ambao hutilia shaka imani kuu za usasa: kwamba akili ya binadamu huweza kuufikia ukweli mmoja, kwamba historia husonga mbele daima, na kwamba sanaa bora ni ile isiyoazima kwa mwingine. Mfaransa Jean-François Lyotard, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliueleza mkondo huo kuwa ni hali ya kutoyaamini masimulizi makuu, yaani hadithi zinazodai kueleza mwanzo, mwendo na hatima ya jamii nzima.

Wilaya ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni mfano wa mahali palipoyapokea masimulizi ya namna hiyo kwa zamu. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri waliofika mwaka 1891 walikuja na simulizi la wokovu, wakoloni wakaleta la ustaarabu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatangaza la ujamaa. Simulizi jipya halikulifuta la awali, hivyo msikilizaji wa Lufingo au Tukuyu wilayani humo huishi na mabaki ya yote pamoja, na mchanganyiko huo ndio utamaduni pendwa unaoufanyia kazi.

Sifa ya kwanza ya usasaleo katika utamaduni huo ni mwingilianomatini, yaani kazi moja kujengwa kwa vipande vya nyingine. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa “Salome”, wimbo wa Bongo Fleva uliojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, msanii kutoka Kagera aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba Kihaya. Mdundo wa ngoma ya asili uligeuka malighafi ya studio na video ya mtandaoni, na msikilizaji asiyejua Kihaya aliupokea wimbo huo bila kuona tatizo.

Sifa ya pili ni kuyumba kwa mamlaka ya mtunzi. Katika vibanda vya video, ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza, filamu za Marekani, India na China zimezoeleka kuonyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye hakutafsiri maneno tu, bali alifafanua, alitania na kuongeza yasiyosemwa na mhusika. Nchini Uganda, filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, “Who Killed Captain Alex?”, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, imebeba sauti ya msimulizi VJ Emmie anayeizungumzia filamu hiyohiyo huku ikiendelea. Hii ni kazi inayojitangaza kuwa ni kazi ya kubuni, mbinu ambayo Euphrase Kezilahabi aliitumia kwa njia nzito zaidi katika riwaya za “Nagona” na “Mzingile”.

Hata hivyo, kufanana kwa sifa si kufanana kwa chanzo. Mmarekani Fredric Jameson aliuhusisha mwigo usio na kejeli na ubepari uliokomaa, ambamo bidhaa na picha zimejaa hata msanii hubaki kuchokora mitindo ya kale. Msimulizi wa kibanda umiza hakuanzia kwenye wingi huo; alianzia kwenye uhaba wa filamu za Kiswahili, na nyenzo yake ni sanaa kongwe ya masimulizi, ambamo fanani huigeuza hadithi kulingana na hadhira iliyo mbele yake.

Tofauti hiyo inasaidia kupima tafsiri za Kiswahili za istilahi ya Kiingereza “postmodernism”. Baadhi ya waandishi hupendelea “baadausasa”, neno linalofuata muundo wa lugha za Ulaya na kudokeza kwamba usasa umekwisha na zama nyingine zimeanza. “Usasaleo” halidai mfuatano huo. Linaruhusu ya jana na ya leo kukaa pamoja, kama yanavyokaa katika “Salome”. Kwa mhakiki wa Afrika Mashariki, istilahi hiyo ina manufaa zaidi inapotaja mbinu zinazoonekana katika kazi, kuliko inapotumiwa kuipangia jamii hatua ya historia ambayo haikuipitia.