Siku ya Tatu Jioni: Historia ya Shirika katika Parokia Yetu



Katika vitabu vya yubile ni desturi kuonyesha kwanza picha za kanisa: siku msingi ulipowekwa, siku kengele ilipopandishwa, siku Askofu alipokuja kubariki. Mambo hayo tumewaachia wenzetu walioandika kurasa zinazotangulia. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za mashirika tumejikuta hatuna picha hata moja ya zamani. Hakuna aliyefikiri kupiga picha watu kumi na tano walioketi juu ya mikeka na viti vidogo katika nyumba ya udongo, wakiizunguka taa ya petroli. Lakini tukiulizwa ni kitu gani kilichoizuia parokia hii isife katika miaka mibaya, tutajibu pasipo kusitasita kwamba ni kikao kile cha siku ya tatu jioni.

Imani ilifika katika milima yetu kwa miguu. Mwaka 1906 Wapadri Weupe walifungua misioni Nyangezi. Mwaka 1929 ikaundwa Vikariati ya Kivu. Na tarehe 10 Novemba 1959 Bukavu ikafanywa Jimbo Kuu. Katika muda huo wote padri alikuwa mtu wa safari. Alifika kijijini mara chache kwa mwaka, akaungamisha, akabatiza, akafungisha ndoa, kiisha akaondoka. Aliyebaki ni mwalimu, na kwetu neno hilo maana yake ni mkatekista kabla ya kuwa mtu wa masomo. Ndiye aliyewakusanya watoto chini ya mti, ndiye aliyeongoza sala siku ya Yenga pasipo Misa, ndiye aliyeitwa usiku kwa mgonjwa. Basi wale wanaodhani kwamba shirika lilianza siku maaskofu walipoandika barua, tunawaambia kwa upole kwamba mbegu ilikuwa ardhini tayari.

Hata hivyo haifai kuusifu wakati ule kupita kiasi. Mwalimu aliuliza, wengine walijibu. Katekisimu ilikuwa maswali na majibu, na aliyekosa jibu alirudishwa nyuma mwaka mzima. Hakuna aliyemwuliza mama mwenye kulima mihogo yeye mwenyewe anafikiri nini juu ya Injili aliyoisikia. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu wa sita, waliamua kwamba Kanisa la inchi yetu lijengwe juu ya jumuiya zenye uhai. Kisha ukaja Mtaguso wa pili wa Vatikano, 1962 mpaka 1965, uliofundisha kwamba jamaa ni kama kanisa la nyumbani. Na mwaka 1975 Papa Paulo wa sita, katika barua yake Evangelii Nuntiandi, alizitaja jumuiya ndogo kuwa tumaini la Kanisa zima. Mwaka uliofuata maaskofu wa Afrika ya Mashariki nao waliichagua njia hiyo hiyo. Wao husema jumuiya ndogo ndogo. Sisi tulichukua neno shirika, na mgeni mmoja kutoka Tanzania alitucheka sana, kwa maana kwao shirika ni kampuni, ama ni chama cha masista. Tulimjibu kwamba kwetu neno hili limebaki karibu na mama yake: kushiriki.

Miaka ya kwanza ya mashirika yetu ilikuwa miaka ya mashaka. Mwaka 1972 tuliamriwa kuyaacha majina ya ubatizo, na vyama vya vijana vya Kanisa vikakatazwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika siku za mapumziko, na mwishoni mwa mwaka huo masomo yetu yakachukuliwa na Serikali, yasirudishwe ila kwa mapatano ya mwaka 1977. Noeli ile ya 1974 iliangukia siku ya tatu. Wazee wetu wanasimulia kwamba walikwenda kazini mchana kama siku nyingine, na jua liliposhuka wakaingia katika nyumba ya shirika, wakasoma habari ya kuzaliwa kwa Bwana kwa sauti ya chini. Mmoja wao alisema kwamba wachungaji wa Betlehemu nao walikuwa kazini usiku ule. Katika nyumba ile hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina la ubatizo njiani, lakini ndani, wakati wa kuwaombea wagonjwa, majina yale yalirudi yenyewe, na watoto waliozaliwa miaka ile waliyajifunza hapo.

Sasa tueleze namna juma la shirika linavyokwenda, kwa faida ya wageni wetu.

Shirika moja lina nyumba zipatazo thelathini, za njia moja ama za mgongo mmoja wa kilima. Kikao kinazunguka nyumba kwa nyumba, na hakuna nyumba inayorukwa kwa sababu ni ndogo. Jambo hili lilikuwa na shida mwanzoni. Watu wa nyumba ya bati walitaka tukutane kwao siku zote, wakisema kuna nafasi na viti. Mwalimu mmoja mzee alikataa, akasema kwamba mtu hamjui jirani yake mpaka ameinama kuingia mlangoni mwake. Kwa hiyo tunainama. Tunaanza kwa wimbo. Injili ya siku ya Yenga inayokuja inasomwa mara mbili ama tatu, mara moja na kijana aliyesoma, mara moja na mtu anayesoma kwa shida, ili na yeye asikilizwe. Kisha tunanyamaza. Wengine wanafuata hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko kule Afrika ya Kusini. Wengine wanafuata njia ya kale ya padri Joseph Cardijn, kuona, kuamua, kutenda. Kwa kweli katika nyumba nyingi njia hizo zimechanganyika, na hatuoni kosa. Nyuma ya hayo kila mtu anasema neno lililomgusa, kwa ufupi, na haruhusiwi kumfundisha mwenzake. Mwisho zinakuja habari: nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana. Siku ya tano watu wawili wanatumwa kwa wagonjwa. Siku ya posho shirika lenye zamu linafagia kanisa na kuteka maji. Siku ya Yenga tunaketi katika Misa pamoja na mamia ya wengine, lakini Injili inaposomwa, sisi tumekwisha kuiishi tangu siku ya tatu, na padri anatuambia kwamba anaona hilo katika nyuso zetu. Labda anatupendelea.

Maneno yanayosemwa katika kikao hayaandikwi, na hiyo ni hasara kubwa. Tumeokota machache tu.

Tuliposoma mfano wa mwanamke aliyepoteza kipande cha feza, mjane mmoja alisema: “Mapadri hutueleza kwamba alikuwa na bidii. Mimi nasema alikuwa na nyumba ya udongo. Juu ya sakafu ya simenti feza inalia, unaisikia inapokwenda. Juu ya udongo inanyamaza. Ndiyo maana aliwasha taa.” Tukakaa kimya muda mrefu, tukifikiri juu ya watu wanaopotea pasipo sauti.

Siku nyingine ilikuwa Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wengi wetu tulisema kama ilivyo desturi kwamba Mungu ni mwema hata kwa wenye kuchelewa. Ndipo kijana mmoja mpakuzi, anayebeba mizigo kwenye bandari ya ziwa, akaomba neno. Alisema: “Ninyi mnawaita wachelewaji. Hawakuchelewa. Walikuwa sokoni tangu asubuhi, hakuna aliyewaita. Mimi najua siku ya kubeba magunia mpaka jioni, na najua siku ya kusimama mpaka jioni pasipo kuitwa. Siku ya pili ndiyo inayochosha. Unarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wanakutazama mikono.” Mwalimu wa masomo aliyekuwa pale, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi kwa feza ya wazazi wa watoto kwa kuwa mshahara haukuja, alitikisa kichwa, akasema kwamba amefundisha mfano huo miaka ishirini na hakuuelewa. Tangu siku ile tumeanza desturi: mwenye kupata kibarua cha watu wawili anamwita kwanza mtu wa shirika aliyekaa pasipo kazi. Haitoshi, lakini ipo.

Na tuliposoma neno la kuacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu, watu wawili wa jamaa moja, waliogombania mpaka wa shamba la migomba tangu baba yao alipokufa, waliangalia chini. Wazee walikwenda nao shambani siku ya posho. Ilichukua siku za posho tatu. Siku ya Yenga ya nne walikuja Misani pamoja, na mpaka ulikuwa umepandwa mti wa mulumba.

Tusiandike mazuri tu. Katika parokia nyingi za kwetu, anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, ama kuzika kwa sala za Kanisa, anapaswa kuleta karatasi yenye sahihi ya kiongozi wa shirika. Nia ilikuwa njema: padri hawezi kuwajua watu wote, lakini majirani wanajuana. Pole pole daftari letu likawa bariera. Wengine walikuja kwenye kikao miezi miwili kabla ya ubatizo, wakapata sahihi, wasionekane tena. Na sisi, wenye daftari, tulianza kupenda kushika kalamu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza sombe kwenye soko la jioni. Siku ya tatu jioni ndiyo saa ya soko lake, kwa hiyo hakuja, na mchango wake ulikuwa haujalipwa miezi mingi. Mtoto wake mdogo akafa. Ndugu zake walipokuja kuomba shirika lije kwenye kilio, tulifungua daftari, tukasema deni lilipwe kwanza. Hatukusema kwa ukali. Tulisema kama watu wanaofuata sheria. Mtoto yule alipelekwa makaburini na majirani wasio wa dini yetu, nao waliimba nyimbo zao njia nzima, na sisi tuliwasikia wakipita.

Juma lililofuata hakuna aliyeweza kusema neno juu ya Injili. Tulikwenda kwa mama yule, watu wanane. Alitupa viti, akatupa maji, akatusikiliza. Hakutukaripia. Hakurudi pia, yumo leo katika kanisa la wale waliomzikia mtoto, na tukikutana sokoni anatusalimu vizuri. Tangu hapo daftari la mahudhurio na sanduku la michango vimetenganishwa, kilio hakiulizwi deni, na mashirika mawili yamehamisha kikao kwenda asubuhi ya siku ya posho kwa ajili ya mama wa soko. Wako wenzetu wanaoona kwamba jambo hili lisingeandikwa katika kitabu cha sherehe. Tumeshindana, na wengi wameamua liandikwe.

Kuhusu vita tutasema kwa kifupi, kwa kuwa kila nyumba ina habari yake. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini Bukavu. Mwezi wa pili wa mwaka 2000 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alizuiwa kurudi jimboni. Alirudi mwezi wa tisa, akafa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Katika nyakati hizo hatukuweza kutembea usiku, basi kikao kilihamia saa tisa ya mchana, na mara nyingine Injili ilisomwa haraka. Lakini sehemu ya mwisho, ile ya kuuliza nani hajaonekana, ilikuwa ndefu kuliko zamani. Katika kanisa la watu elfu moja, mmoja akikosa, hakuna anayejua. Kati ya watu kumi na tano, kiti kitupu kinasema. Hivyo ndivyo tulivyojua nani amekimbilia msituni, nani anaficha mgeni nyumbani, na nyumba gani ilikuwa haijawasha moto siku mbili. Vilevile siku ya Yenga ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka asubuhi, viongozi wa mashirika walikuwa wamemletea padri hesabu ya kuta zilizopasuka na watu walioumia kabla jua halijazama.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, padri Albert Joubert na wamisionari watatu Waxaveri, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, walitangazwa wenye heri. Mzee mmoja wa shirika letu, aliyekuwa mtoto mwaka ule wa 1964, aliomba majina yao yaongezwe katika sala ya kikao. Yameongezwa, nyuma ya majina ya wafu wetu wenyewe.

Wageni watakaobaki nasi mpaka siku ya tatu wanakaribishwa. Kikao kitakuwa katika nyumba ya tatu chini ya kisima, saa kumi na moja na nusu. Mlango ni mfupi, na viti havitoshi. Mwenye mkeka aje nao.