Mtetemo wa pikipiki ya pistoni moja una historia ndefu

Wasikilizaji wengi wanaujua: ukishuka kwenye pikipiki ya zamani, vidole vimekufa ganzi. Pistoni moja inapanda na kushuka, na hakuna ya pili ya kuipinga. Waliotengeneza Royal Enfield Bullet kule Uingereza, tangu miaka ya 1930, waliweka uzito wa kupingana nayo kwenye mhimili wa injini. Lakini uzito ukizidi, mtikisiko wa juu na chini unageuka kuwa wa mbele na nyuma. Wakaridhika kufuta karibu nusu tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Honda iliongeza ndani ya XL500S mihimili midogo yenye uzito upande mmoja, ivute kinyume cha pistoni. Yamaha SR500 ya 1978 haikuwa nayo, na bado ilipendwa. Bullet yenyewe ilingoja hadi 2023!

Anayembeba mama mjamzito kutoka kambini kwa pikipiki isiyo na mhimili huo akaze kwanza bulo zinazoshika injini kwenye fremu, kisha aende polepole. Injini ikizunguka mara 2 zaidi, nguvu ya mtetemo inakuwa mara 4.