Hati za ardhi zinavyofichua nasaba za wakulima wa Ireland

JUNI 30, 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Ireland, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa katika eneo la mahakama za Four Courts, mjini Dublin, liliteketea kwa moto. Ziliungua takriban karatasi zote za sensa za mwaka 1821 hadi 1851, wosia za karne kadhaa na vitabu vingi vya ubatizo, ndoa na maziko vya Kanisa la Kianglikana la nchi hiyo. Sensa za mwaka 1861 hadi 1891 zilikwisha kuharibiwa kabla ya hapo kwa amri za serikali yenyewe. Hivyo basi, sensa kamili za zamani zaidi zilizosalia ni za mwaka 1901 na 1911.

Kwa mtu ambaye babu wa babu yake aliondoka Ireland wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, sensa hizo zimechelewa mno. Ndiyo maana watafutaji wengi wa nasaba hugeukia hati za ardhi, ambazo hazikuwamo katika jengo lililoungua. Zinatunzwa na Ofisi ya Usajili wa Hati, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge la Ireland mwaka 1708 na kuhamia mtaa wa Henrietta, Dublin, mwaka 1832.

Ikumbukwe kuwa ofisi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya kumtunzia mkulima mdogo kumbukumbu zake. Sheria ya mwaka 1704 ilikuwa imewakataza Wakatoliki, waliokuwa wengi nchini humo, kununua ardhi au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Usajili ulisaidia kuwabana. Mwaka 1709 sheria nyingine ilimruhusu Mprotestanti aliyegundua mkataba wa Mkatoliki uliovunja masharti aushtaki mahakamani na kujichukulia ardhi hiyo. Mkatoliki gani angekimbilia kusajili? Masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1778.

Aidha, mikataba isiyozidi miaka 21 haikuhitaji kusajiliwa iwapo mpangaji alikuwa tayari anaishi katika ardhi husika. Wakulima wengi wadogo walikodi kwa mwaka mmoja mmoja, bila karatasi yoyote. Kwa sababu hizo, anayefungua faharasa ya majina akitarajia kumkuta babu yake aliyelima viazi mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Hata hivyo, mkulima huyo anaweza kuwamo ndani ya hati ya mtu mwingine. Kabaila alipouza shamba, kuliweka rehani au kumwozesha binti yake, mwandishi wa hati alilazimika kueleza ni ardhi ipi. Njia rahisi ilikuwa kutaja anayeikalia: shamba la ekari kadhaa, ambalo sasa liko mikononi mwa fulani, au awali lilikuwa mikononi mwa baba yake. Mkulima hakuwa mhusika wa hati hiyo, wala pengine hakuwahi kuiona. Alitajwa kama alama ya mpaka tu, lakini jina lake likabaki.

Kwa hiyo anayefahamu kazi hii husaka ardhi kwanza, jina baadaye. Huanzia kwenye Tathmini ya Griffith, iliyochapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi. Humo kila mkaaji ameorodheshwa chini ya kitongoji chake, pamoja na jina la aliyemkodisha. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na vingi vina majina yanayofanana, hivyo kaunti na parokia navyo ni lazima vijulikane. Akishapata kitongoji na kabaila, mtafutaji hurudi nyuma kupitia faharasa mbili za Ofisi ya Usajili: ya ardhi, iliyopangwa kwa kaunti, na ya majina ya waliotoa ardhi. Faharasa ya waliopokea haipo kabisa. Ile ya majina, kabla ya mwaka 1833, haitaji hata mahali ardhi ilipo, jambo linalowachosha sana wanaomtafuta mtu mwenye jina la kawaida.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika mikataba ya maisha ya watu watatu. Badala ya idadi ya miaka, mkataba uliendelea hadi wa mwisho kati ya watu watatu waliotajwa afariki dunia. Mpangaji mara nyingi alitaja watoto wake, kwa kuwa walitarajiwa kuishi muda mrefu, na umri wao uliandikwa. Wengine walitaja wana wa mfalme wa Uingereza, ambao habari za vifo vyao hazingefichika. Pale mkataba uliporuhusu jina jipya kuongezwa baada ya kifo, hati ya kuuhuisha huonyesha nani amefariki na nani amechukua nafasi yake.

Mitego haikosekani. Familia ya O'Sullivan yaweza kuandikwa Sullivan tu, na majina ya vitongoji yaliandikwa kadiri karani alivyoyasikia, hadi upimaji wa ramani ulioanza mwaka 1824 ulipoyasawazisha. Ekari nazo hutofautiana: moja ya Kiayalandi ni sawa na 1.62 za Kiingereza. Shamba la ekari 20 katika hati ya zamani na la ekari 32 katika Tathmini ya Griffith yaweza kuwa ni lile lile.

Mkulima mwenyewe alianza kuonekana kama mmiliki baada ya sheria za kuwauzia wapangaji ardhi, hususan ile ya mwaka 1903. Mashamba hayo yaliandikishwa katika Masijala ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1891, masijala tofauti na ile ya hati. Tangu Machi 2023 zote mbili ziko chini ya chombo kimoja cha serikali, Tailte Éireann. Nakala za filamu za majalada ya zamani ya hati zimewekwa pia kwenye intaneti na shirika la FamilySearch, ambapo watu wa kujitolea wanaendelea kuzipitia ukurasa kwa ukurasa na kuorodhesha kila jina wanalolikuta, la kabaila na la mpangaji wake.